Maswali kwa Shangazi: TV itoke sebuleni au ibaki?

Hamjambo wanangu. Meseji za TV zimekuwa nyingi mno safari hii, nikaona bora ukurasa wote uwe wa hiyo hiyo. Nimechukua tano, zingine zilikuwa zinafanana. Nimezifupisha kidogo ila maneno ni yenu.

*

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa ana miaka minne na mdogo ana mwaka na nusu. Kwetu TV inawashwa tukiamka inazimwa tukilala, hata kama hakuna anayeangalia inaongea tu yenyewe. Mkubwa ukimzimia analia mpaka anajigaragaza chini. Mdogo maneno yake ni matatu tu mpaka sasa. Mi nataka niitoe kabisa ila baba yao anasema TV inawafundisha watoto lugha, wakikosa katuni watabaki nyuma ya wenzao. Nani yuko sahihi? Na inawezekana kweli familia kukaa bila TV miaka hii? – Mama wa Wawili

Marahaba mwanangu. Inawezekana. Kwangu haipo, huu mwaka wa sita, na wala hatukukaa kikao kuamua. Umeme ulikatika ukarudi na nguvu, TV ikapiga pa! harufu ya kuungua ikajaa nyumba nzima, fundi akaja akasema bodi imekufa na kuitengeneza ni karibu sawa na kununua nyingine, tukasema haya tutanunua mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukafika na mambo yake, ukaja mwingine, ikawa hivyo hivyo. Siku za mwanzo zilikuwa ngumu sikufichi. Kijana wangu wa mwisho alikuwa na miaka saba, jioni alikuwa anakuja sebuleni anakaa kwenye kochi anaangalia pale ukutani ilipokuwa, matundu manne ya skrubu na waya umening'inia, anakaa dakika mbili tatu anaondoka bila kusema kitu. Kama wiki mbili hivi. Alafu siku moja niko jikoni nasikia kitu kinaburutwa, natoka namkuta anahangaika na lile kochi dogo analigeuza liangaliane na lile kubwa. Nikamuuliza unafanya nini? Akanambia, "Mama kule hakuna kitu cha kuangalia." Kochi liko vile vile mpaka leo.

Lakini sikuambii itoe kwa sababu kwangu ilitoka. Watoto wako wawili hao hawana jibu moja, ngoja tuanze na mdogo.

Kwa huyu wa mwaka na nusu baba yake hayuko sahihi, na umwambie kwa upole. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo wa watoto wa chini ya miaka mitano: mtoto ambaye hajafikisha mwaka asikalishwe mbele ya skrini kabisa, wa mwaka mmoja pia hawashauri, na kuanzia miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku, ikipungua hapo ndo vizuri zaidi. Kuhusu lugha, kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Patricia Kuhl, matokeo yake yalitoka 2003. Alichukua watoto wa miezi tisa ambao nyumbani wanasikia Kiingereza tu, kundi moja likawa linachezeshwa na kusomewa na watu wanaoongea Kichina, ana kwa ana, vipindi 12. Kundi lingine wakaonyeshwa watu hao hao, vitu hivyo hivyo, kwa muda ule ule, ila kwenye TV. Wale waliokaa na binadamu walianza kuzitofautisha sauti za Kichina. Wa TV hawakupata kitu, walikuwa sawasawa na watoto ambao hawajawahi kukisikia Kichina maishani mwao.

Na ukikaa na mtoto unaona kwa nini. Anakurushia "ba", we unamjibu "ee, baba katoka", anakukazia macho mdomoni, anajaribu tena "ba-ba", unacheka, na yeye anacheka, anarudia. Hiyo nenda rudi ndo inayomfundisha kuongea. TV hata aiambie "ba" mara mia yenyewe inaendelea na mambo yake.

Alafu hii ya TV kuongea yenyewe bila mtu ndo imenigusa kuliko yote kwenye barua yako, maana wengi wetu tunadhani kama mtoto haangalii basi haimdhuru. Mwaka 2008 watafiti wa huko huko Marekani waliwaweka watoto 50 wa kati ya mwaka mmoja na mitatu mmoja mmoja chumbani na midoli kwa saa nzima, nusu saa TV ikiwa imewashwa kipindi cha watu wazima cha maswali na majibu, nusu saa imezimwa. Watoto hata hawakuiangalia sana, walikuwa wanaitupia jicho sekunde chache basi. Lakini ikiwa imewashwa walicheza kwa muda mfupi zaidi na umakini wao ulipungua. Wakaja kuangalia na wazazi nao, wakakuta TV ikiwa inaongea mzazi anaongea na mwanae kidogo kuliko ikiwa imezimwa. Kesho hebu mwangalie wako. Mpe bakuli na vifuniko vya chupa akae pale mkekani. Anachukua kimoja anaweka, cha pili anaweka, mara TV inapiga muziki wa tangazo, kichwa juu, mkono umebaki hewani na kifuniko chake, akirudisha macho chini keshasahau alikuwa anafanya nini, anakiacha anainuka. Sasa zidisha hiyo kwa siku nzima mwanangu, kwa mwaka mzima.

Kuhusu maneno matatu, usisubiri TV itoke ndo uone kama ataongea. Mpeleke kliniki wakamwangalie masikio na ukuaji wake kwa ujumla, inawezekana ni mzima kabisa anachelewa tu, ila masikio yaangaliwe. Na usijilaumu. Mama anayewasha TV ili apate dakika kumi za kupika sio mama mbaya.

Huyu wa miaka minne ndo baba yake ana hoja. Kuna vipindi vimetengenezwa kwa ajili ya umri huo na watu wanaojua mambo ya watoto, mfano Sesame Street, kimeanza Marekani 1969, na tafiti za miaka mingi zimeona watoto wa miaka mitatu mpaka mitano wanaokiangalia wanaongeza maneno na wanajua herufi na namba mapema. Kwa hiyo sio kila kinachotoka mle ndani ni takataka. Ila kipindi kimoja kilichochaguliwa, umekaa nae unamuuliza huyu anafanya nini yule kaenda wapi, na mlolongo wa katuni unaojiendesha wenyewe asubuhi mpaka usiku, ni vitu viwili tofauti kabisa. Na kile kilio cha kujigaragaza mara nyingi kinakuja kwa sababu umemkatia katikati, hata we ukikatiwa tamthilia katikati unakasirika. Mwambie mapema, hii ikiisha tunazima, alafu rimoti mpe yeye abonyeze mwenyewe. Siku mbili tatu atalia tu. Ya nne unashangaa kabonyeza kaondoka.

Kuna habari moja huwa naipenda sana kwenye jambo hili. Canada kulikuwa na mji mdogo uko bondeni mawimbi ya TV hayaufikii wakati miji ya jirani yote wanayo. Ilipojulikana kwamba wanaletewa, mwaka 1973, watafiti wakiongozwa na Tannis MacBeth Williams wakawahi kuwapima watu kabla haijaingia, alafu wakarudi miaka miwili baadae. Jina la mji wakalificha, wakauita Notel, yaani bila TV. Kabla ya TV watoto wa pale walikuwa mbele ya wenzao wa miji ya jirani kwenye ubunifu, mfano unampa kitu cha kawaida unamwambia nitajie matumizi yake mengi uwezavyo. Baada ya miaka miwili ile tofauti ilikuwa imeisha, wako sawa na wengine. Ugomvi na matusi kwenye viwanja vya kuchezea ukapanda. Na watu wazima, hii ndo inayonisikitisha zaidi, walipunguza kwenda kwenye vikundi vyao na shughuli za pale mjini. Hakuna aliyewakataza kwenda. Jioni tu ilishapata pa kuishia.

Kwa hiyo ungekuwa ni mimi, kwa nyumba yenye mtoto wa mwaka na nusu ningeitoa sebuleni mpaka huyu mdogo afikishe miaka mitatu, huyu mkubwa kipindi chake kimoja ataangalia mdogo akiwa amelala. Ila kwanza ukae na mumeo mkubaliane, TV isipotee kimyakimya. Na kwanza ujue ile saa ya jioni utaijaza na nini, maana hapo ndo wengi wanashindwa wanairudisha ndani ya wiki. Umechoka, unapika, watoto wawili wanakuvuta nguo. Waingize humo humo jikoni mbali na moto, wape beseni lenye maji kidogo sana na vikombe vya plastiki, we uko hapo hapo unawaona. Sakafu italoa. Hata ikiloa, wataongea na wewe na wataongea wao kwa wao, na huyo wa maneno matatu ndo anachokihitaji.

*

Habari Shangazi. Mimi nilisafiri kikazi siku nne, narudi nakuta TV haipo, mke wangu kampa mdogo wake anasema anataka watoto wasome. Hakuniuliza. Sasa mimi naangalia mpira kwenye simu chumbani, yeye anaangalia tamthilia zake kwenye simu jikoni, na kijana wetu mkubwa yuko na tableti yake. Nikubali yaishe au nidai TV irudi? – Baba wa Mpira

Salama baba. Mkeo alikosea hapo kwenye kutokuuliza, na naamini hata yeye moyoni anajua. Kitu cha nyumba nzima hakitolewi na mtu mmoja, hata kama nia ni nzuri, maana aliyenyang'anywa hatakaa aone faida yake.

Ila soma tena barua yako uliyoniandikia. Mlikuwa na skrini moja, sasa mna tatu, na kila mmoja kajifungia na yake. Hapo TV haijatoka, imegawanyika vipande. Ile ya zamani angalau iliwakalisha chumba kimoja, goli likiingia mnaruka wote, hata kugombania rimoti ni kuongea. Simu hakuna anayejua mwenzie anaangalia nini, na haina mwisho, sehemu moja ikiisha inayofuata inaanza yenyewe kabla hujafikiria kama unaitaka.

Nikupe mfano wa Iceland. TV ya taifa lao ilianza 1966, na kwa miaka mingi Alhamisi hapakuwa na matangazo kabisa, nchi nzima, mpaka 1987 ndo wakaanza kurusha na Alhamisi. Na mwezi wa saba wote walikuwa wanafunga, hiyo iliendelea mpaka 1983. Kumbe kuna njia ya tatu kati ya kuwa nayo muda wote na kuikosa kabisa.

Kaeni na mkeo, wewe ndo uanze na usianze na hasira za siku ile uliyorudi. Mwambie nakubali TV isiwepo kwa masharti kwamba siku fulani na fulani jioni simu zote na hiyo tableti zinawekwa kwenye kikapu juu ya kabati, za wakubwa zikitangulia. Mpira wako wa wiki uombe waziwazi, uangalie hapo sebuleni hata kama ni kwa simu, mtoto akitaka akae pembeni yako. Mkijaribu miezi miwili mkashindwa kuweka simu chini, basi mi nasema TV irudi. Najua kuna watakaoshangaa kusikia hivyo kutoka kwangu, ila kati ya skrini moja ya wote sebuleni na tatu za kujificha, nachagua ile moja.

*

Hujambo Shangazi. Mimi ni mzee wa miaka 71, mwenzangu alitangulia mbele ya haki mwaka juzi. Watoto wakija kunitembelea wananisema kwamba naangalia TV mno itaniharibu, mmoja anataka kuichukua kabisa. Ukweli mara nyingi wala siitazami, nataka tu kusikia sauti ya mtu ndani. Usiku nasinzia kwenye kiti inawaka mpaka asubuhi. Na nikizima najisikia vibaya kuliko kabla sijawasha. Nina matatizo? – Mzee

Shikamoo baba. Pole sana, mwaka juzi ni kama jana kwa jambo kama hilo. Huna matatizo, una upweke, na hiyo TV usikubali ichukuliwe.

Hilo la kujisikia vibaya ukizima sio wewe peke yako. Robert Kubey na Mihaly Csikszentmihalyi, watafiti wa Marekani, waliwapa watu vifaa vinavyolia muda wowote wa siku, kikilia unaandika unafanya nini na unajisikiaje. Watu waliokuwa wanaangalia TV walisema wametulia, mwili umelegea. Lakini wakizima ule utulivu unaondoka, uzito na kukosa nguvu vinabaki. Kwa hiyo mtu anaendelea kukaa mbele yake kwa sababu anajua akizima hali itabadilika. Ukilijua hilo inasaidia, kwamba ile hali ya dakika za mwanzo baada ya kuzima inapita, haswa ukiinuka ukatembea mpaka nje kidogo.

Mchana kama unataka sauti tu, jaribu redio. Redio haikulazimishi ukae kwenye kiti, unafagia nayo, unapalilia nayo, inakufuata. TV iwekee saa zake, taarifa ya habari na kipindi unachokipenda kweli. Kuhusu kulala inawaka, hiyo naomba uiache, mwanga unaorukaruka na kelele zinazopanda na kushuka zinakukatakata usingizi hata kama hujui umeamka. TV nyingi ndani ya menyu zina sehemu ya kuiwekea muda ijizime, mjukuu yeyote ataiona mara moja, iwekwe nusu saa.

Na nyie watoto wa mzee huyu, kama mnasoma hapa. Msimuondolee baba yenu sauti pekee iliyobaki ndani ya nyumba kama hamna ya kuweka badala yake. Gawaneni siku, kila siku mmoja ampigie jioni, saa ile aliyokuwa anaongea na mama yenu. Asiulizwe umekunywa dawa tu, aulizwe leo habari zimesema nini, atawahadithia. Mkishafanya hivyo mwezi mzima ndo mje tuongelee TV.

*

Shangazi shkamoo. Niko sekondari, kwetu hakuna TV wazazi hawataki. Jumatatu wenzangu wanaongelea mechi na tamthilia mi nakuwa kimya kama bubu. Nifanyeje? – Dogo

Marahaba. Aliyeona mechi anatafuta mtu wa kumsimulia, na wote hapo wameiona, kwa hiyo hawana wa kumsimulia, wewe ndo wanayekutafuta ila hawajui. Waulize "lile goli liliingiaje?" alafu uone. Na uwaombe wazazi kitu kimoja kidogo, mechi moja kwa wiki kwa ndugu au jirani wanayemuamini. Ukiomba kimoja kwa heshima ni rahisi kupewa kuliko ukinuna kwa ajili ya vyote.

*

Shangazi, sisi tumeshaamua, TV imetoka. Ni ya zamani ile ya kichogo, ipo stoo juu ya ndoo mbili. Kijana wangu wa miaka 13 anataka kuifungua atoe spika. Kuna ubaya? – Tumeshatoa

Upo, tena mkubwa, barua yako ndo ingekuwa ya kwanza kujibiwa kama ningeweza kukupigia simu. TV ya kichogo hata ukiichomoa kwenye umeme, ile bomba kubwa ya kioo ndani yake inaweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti kwa muda, hata mafundi wana namna yao ya kuutoa kwanza kabla hawajagusa. Na kioo chake kina madini ya risasi, kikivunjika vumbi lake sio la kuvuta, na isichomwe moto. Kijana asifungue. Kama anapenda spika na nyaya, tena jambo zuri hilo, mtafutie redio mbovu ya betri aanzie hapo.

Alafu hizo ndoo mbili. Uzito wa TV hizo karibu wote uko mbele kwenye kioo, ikiguswa kidogo inaangukia mbele, na watoto wamekufa kwa kuangukiwa na TV, ni ajali inayotokea majumbani nchi nyingi. Kwa hiyo leo hii jioni ishusheni, watu wazima wawili, anayebeba kioo kielekee kifuani kwake. Iwekeni chini sakafuni kioo kikiangalia ukuta, waya uukunje uufunge nyuma mtoto asiuvute, stoo ifungwe. Alafu mtafute wanaokusanya vifaa vibovu vya umeme au fundi anayezijua aje aichukue, na akija mwambie mapema kwamba haijafunguliwa.